Tutafute mlango, tusiuze swali letu

Ndugu zangu wa machimbo, mama zangu wa kutwanga mawe, na ninyi watoto ambao munasoma hii gazeti kwa sauti ili papa asikie: leo sitasema juu ya takse, wala juu ya vizuizi vya barabara ya Mongbwalu. Leo nitasema juu ya karatasi. Najua mutacheka. Karatasi haichimbi, haibebi mfuko, haioshi mchanga. Lakini kuna karatasi moja ilitunyima kitu kikubwa, na ninataka muelewe vile ilitunyima, ili siku ingine isitunyime tena.

Sendika yetu, pamoja na mwalimu mmoja wa inivesite hapa Bunia, tuliandika dosye ya kuomba franga za utafiti. Swali lilikuwa moja, la wazi: merkiri, ile wengine wanaita zebaki, inafanya nini ndani ya mwili wa mchimbaji na wa watu wa nyumba yake? Tuliomba franga za kupima mkojo na damu, za kulipa labo, za mafuta ya piki. Miezi ilipita. Kisha jibu likatufikia hapa Lumumba, mistari miwili tu: asante kwa dosye yenu, lakini haiingii ndani ya priorite.

Haiingii ndani ya priorite. Nilisoma ule mstari mara tatu, na kila mara nilikuwa namuona rafiki yangu.

Tulichimba naye pamoja tangu tungali vijana. Kwa mikono alikuwa fundi: akishika sahani ya kuosha mchanga, dhahabu ilimtii. Ni yeye alikuwa anachoma ile donge la dhahabu na merkiri, jioni, kwenye mbabula, karibu na mlango wa nyumba, wakati bibi yake anapika na watoto wanacheza pale pale. Mwaka mmoja mikono ikaanza kutetemeka. Kikombe cha chai kilimwagika kila asubuhi. Aliniambia: "Ndugu, minaona mikono inanikatala." Tukasema ni uchovu. Wengine wakasema ni pombe, na yeye hakuwa mnywaji. Wengine wakasema ni watu wamemutupia kitu. Siku alikufa, kwenye matanga walisema "ugonjwa mufupi", na ugonjwa ulikuwa umemukaa miaka.

Ilikuwa merkiri? Sijui. Hilo njo jambo lenyewe: hakuna mtu alipima. Tulizika mtu pamoja na swali lake.

Kwa hiyo barua iliposema si priorite, nilikasirika. Nilitaka tuandike barua ya matusi mazuri ya Kifaransa. Yule mwalimu alinizuia. Alinikalisha, akaniwekea mezani karatasi ingine, plani ya taifa ya maendeleo, akaniambia: "Papa, dosye yenu iko ya kweli. Lakini muliandika sawa vile mutu anagonga ukuta. Mulango uko pembeni."

Tuanze na juu ya nini wenye franga wanauliza hilo neno priorite. Zamani kila mfadhili alikuja Congo na swali lake mfukoni. Huyu anataka kuhesabu ndege, yule anataka kuchimba kisima mahali penye mto. Wakimaliza wanarudi kwao, na sisi tunabaki na kibao cha proje kimeota kutu. Mwaka 2005, kule Paris, nchi za kutoa msaada na nchi za kupokea zilipatana kwamba msaada ufuate plani ya nchi yenyewe. Kwa karatasi, ni jambo la heshima: mwenye nyumba njo anasema kwanza nyumba inahitaji nini. Tangu hapo, ukileta dosye, iwe kwa serikali ao kwa wageni, swali la kwanza ni: hii inafanana na plani gani ya nchi yenu? Ukikosa jibu, dosye yako inaanguka hata kama ina ukweli mtupu.

Sasa mutaniuliza: na ugonjwa wa mchimbaji, unaingiaka siku gani ndani ya priorite? Historia yetu wenyewe inajibu, na jibu lake ni kali.

Munajua Durba, kule Watsa, ambayo leo iko Haut-Uélé. Kati ya 1998 na 2000, ndani ya vita, ugonjwa wa kutoka damu uliua wachimbaji wa dhahabu pale. Walihesabu wagonjwa 154, na 128 kati yao walikufa. Wengi walikuwa vijana wanaume, wa kuingia ndani ya shimo la Goroumbwa. Ilikuwa virusi ya Marburg. Na wenyeji hawakungoja labo ndipo waujue: ugonjwa ulikuwa tayari na jina pale, "syndrome hémorragique de Durba". Wakubwa wa sayansi walipofika na kupima, walikuta aina zisizopungua 9 za ile virusi. Maana yake haikuwa mtu mmoja aliyeleta ugonjwa, shimo lenyewe lilikuwa linaurudisha kwa watu mara kwa mara. Ugonjwa uliisha shimo lilipojaa maji. Baadaye walikuta alama za virusi ndani ya popo wa mule. Mchimbaji alijua kwanza, sayansi ilijua nyuma, na katikati yao kuna makaburi.

Mfano wa karibu zaidi ni Kamituga, mji wa dhahabu wa Kivu ya Kusini. Mwaka 2023, mwezi wa 9, mpox ya namna mpya ilianza kuonekana pale, mji wa wachimbaji na wa watu wa biashara wanaokuja na kuondoka. Tarehe 14 mwezi wa 8, 2024, Shirika la Afya la Dunia lilitangaza hatari ya dunia nzima. Mara moja jina la Kamituga likawa ndani ya midomo ya waganga wa kila nchi, na franga za kuchunguza zikapatikana.

Sisemi vibaya juu ya kazi hiyo. Ebola ya 2018 hadi 2020 ilituonyesha hapa Ituri na kule Kivu ya Kaskazini kwamba utafiti unaokoa watu: ndani ya ule moto, waganga wetu na wa nje walipima dawa, na mbili zikaonekana kuwa na nguvu kupita zingine. Moja kati yazo ilianzia kwa damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Damu ya Mukongomani, dawa ya dunia. Tufurahi.

Lakini muangalie vizuri hiyo mifano. Ugonjwa wa kuua mbio, ugonjwa unaoweza kupanda ndege, unakuwa priorite. Vumbi ya mawe inayokula mapafu ya mama wa kutwanga kwa miaka kumi haipandi ndege. Shimo likiporomoka Djugu haliambukizi mtu wa Ulaya. Mikono ya rafiki yangu ilitetemeka ndani ya Lumumba tu. Ugonjwa wa polepole hauna mtu wa kuupigia kengele. Basi ni sisi tuutafutie mlango.

Tulikaa na mwalimu siku tatu, tukisoma. Plani ya taifa ya 2019-2023 ilikuwa na nguzo 5. Ya kwanza inasema juu ya watu wenyewe: masomo, afya, maisha. Ya tano inasema juu ya mazingira. Humo hamna neno "wachimbaji wanatetemeka". Lakini kuna mazingira, na merkiri inaingia ndani ya mto na ndani ya hewa. Umoja wa Mataifa wenyewe ulipofanya hesabu yake ya 2018 ulikuta kwamba uchimbaji mdogo wa dhahabu njo unatoa sehemu kubwa kuliko zote ya merkiri ambayo watu wanatupa hewani, karibu 38 kwa mia. Tena kuna afya ya mama na mtoto, jambo ambalo serikali imeweka mbele, hata ikaanza mpango wa mama kuzaa bila kulipa.

Kisha tukasoma mkataba wa Minamata. Ni mkataba wa dunia juu ya merkiri, wenye jina la mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga sumu hiyo baharini, watu wakala samaki, watoto wakazaliwa na ulemavu. Ulikubaliwa 2013, ukaanza kazi 2017. Unasema kwamba nchi iliyoingia, ikiwa ina uchimbaji mdogo mwingi wa dhahabu, iandike plani ya taifa. Na ndani ya plani hiyo lazima kuwe njia ya kulinda afya ya wachimbaji na ya watu wanaokaa nao, pamoja na kukusanya habari za afya yao na kufundisha waganga. Tena unataja watoto, na mama wa umri wa kuzaa, zaidi wenye mimba.

Niliposoma pale niliruka. Hilo ni swali letu! Limeandikwa tayari na wakubwa wa dunia, sisi tulikuwa tunaligonga ukutani.

Basi tukaandika dosye upya. Hatukubadilisha swali. Tulibadilisha mlango. Mara ya kwanza tulianza hivi: wachimbaji wanateseka, mutusaidie. Mara ya pili tulianza hivi: serikali inataka mama na mtoto wapone, ndani ya karitie na machimbo yetu, merkiri inachomwa karibu na chungu cha chakula, hakuna mtu amepima, sisi tunaweza kupima, na koperative ziko tayari.

Tuliposoma dosye hiyo mbele ya mkutano, palitokea kelele. Muzee mmoja alisimama akasema: "Kwa hiyo bamama tu njo banapimwa? Na sisi banaume hatuna figo?" Watu walicheka, lakini muzee alisema kweli, na mimi nilinyamaza. Hapo njo hatari ya kufuata priorite. Unaingia kwa mlango wa mama mjamzito, na kesho unasahau baba aliyeshika moto. Tulirudi kwenye dosye. Tukaandika kwamba kipimo kitakuwa cha nyumba nzima: mama, baba anayechoma, mtoto anayecheza karibu. Huwezi kuelewa mama alipata sumu wapi kama hukumpima mwenye mbabula. Sayansi yenyewe inataka hivyo, na haki pia. Muzee aliridhika, akatia kidole chake kwenye karatasi ya mahuzurio.

Kulikuwa hatari ingine, mbaya zaidi. Mtu mmoja mjanja wa kuandika maproje alikuja kutushauri. Alisema: "Muache mambo ya merkiri. Mutie neno climat kila ukurasa, mutie misitu na wanyama, franga iko kule." Sisi tukamuuliza: na tukipata hizo franga, tutapima nini? Akasema hilo mutaona mbele. Hapana. Ukipata franga za kuhesabu nyani, utahesabu nyani. Utaandika rapore ya nyani, utapiga picha ya nyani, na mgonjwa wako atabaki na kikombe kinachomwagika. Kama swali lako linagusa msitu kweli, useme msitu. Kama haligusi, usimdanganye mwenye franga, wala usijidanganye. Kusema jambo lako kwa maneno ya plani ni werevu. Kubadilisha jambo lako ili lifanane na franga ni kuliuza.

Na hata mlango ukipatikana, ndugu zangu, tunachelewa kama tunangoja plani iandikwe Kinshasa ndipo tuisome. Lazima tufike pale inapoandikwa. Na kuna plani inayoandikwa karibu na mlango wako.

Komini yako, sekta yako, sheferi yako inapaswa kuwa na plani ya maendeleo ya mahali, PLD. Sheria ya machimbo ya tarehe 9 mwezi wa 3, 2018 inasema redevansi ya machimbo igawanywe hivi: 50 kwa mia kwa serikali ya kati, 25 kwa provensi, 15 kwa komini ao sekta ao sheferi ya pale dhahabu inatoka, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, FOMIN. Tena kampuni yenye hati ya kuchimba inapaswa kutenga angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa proje za watu wa pale. Tusijidanganye: redevansi hiyo ni ya kampuni zenye hati, si ya mchimbaji wa mkono, na dhahabu yetu nyingi inavuka mpaka bila kusema kwaheri. Lakini pale franga inapoingia, inafuata plani. Na plani inaandikwa na wale waliofika kwenye mkutano.

Mimi nilikwenda kwenye mikutano ya namna hiyo. Unasikia barabara, shule, soko, ofisi mpya. Vyote ni vizuri. Sijasikia hata mara moja mtu akisema: tuandike mstari mmoja juu ya afya ya wachimbaji, merkiri na vumbi. Mstari mmoja! Kuuandika hakugharimu franga. Lakini mstari huo ukiwa ndani ya PLD, mwalimu wa inivesite anaushika na kusema: muone, wenyeji wenyewe waliomba. Bila mstari huo, dosye inaning'inia hewani sawa nguo isiyo na kamba.

Wengine wananiambia: tangu état de siège ya mwezi wa 5, 2021, ofisi zilipewa watu wa jeshi na polisi, tutaongea na nani? Ninajibu: mtu mwenye ofisi anabadilika, plani inabaki. Peleka karatasi, omba akizé, weka kopi nyumbani.

Na kuna ndugu mmoja wa sendika aliniuliza jambo gumu: "Kama leta njo inachagua maswali, si itachagua yale yasiyoiumiza?" Ameona vizuri. Kuna maswali ambayo hakuna serikali itayalipia kwa furaha: nani anaingiza merkiri, nani anaiuza, kwa nini kituo cha afya kilicho karibu na machimbo hakina kipimo. Maswali hayo tusiyaache kwa sababu hayana plani. Hayo tuyabebe wenyewe, kwa nguvu zetu ndogo. Na njia iko.

Njia ni kaye. Ninaomba kila koperative, kila shimo, liwe na kaye moja ya shule. Andika: tarehe, shimo gani, urefu wake, kilichotokea ni nini, watu wangapi waliumia, wangapi walikufa. Andika mwenye kutetemeka, mwenye kukohoa miezi mitatu, mama aliyepoteza mimba na nyumbani kwake wanachoma merkiri. Majina si lazima, weka namba, tulinde siri ya watu. Mwenye kuandika awe kijana aliyesoma, na kaye ilale kwa mtu wa kuaminika. Mwalimu aliniambia kwamba kitu kilichoua dosye yetu ya kwanza kuliko vyote ni hiki: tulisema "wengi", na tulipoulizwa wangapi, tukanyamaza. Kilio bila hesabu kinaamsha huruma. Kilio chenye hesabu kinafungua dosye.

Nina maombi kwa wengine pia. Walimu wetu wa inivesite: mukuje kabla ya kuandika, musikuje tu na karatasi ya kututia sahihi. Na mukimaliza, murudishe majibu kwa Kiswahili, mbele ya wale waliotoa damu yao. Mtu aliyepimwa ana haki ya kujua. Wakubwa wa serikali: mukitangaza priorite, muache sehemu kwa magonjwa ya polepole, maana Durba ilikuwa pia jambo la watu wa kijiji mpaka siku ilipohesabiwa 128. Na sisi wenyewe, leo, kabla ya utafiti wowote: tusichome merkiri ndani ya nyumba wala karibu na chungu. Watoto wakae mbali, na mama mwenye mimba asikaribie ule moshi. Kwa hilo hatungoji barua ya mtu.

Dosye yetu ya pili imeondoka. Jibu halijafika, na sitawaahidi kitu. Inaweza kurudi tena na mistari miwili. Ikirudi, tutatafuta mlango mwingine, na swali litakuwa lile lile.

Bibi ya rafiki yangu bado anakaa hapa karitie, hatua chache kutoka kwangu. Mbabula ile iko nje ya nyumba, anapikia juu yake mpaka leo. Juzi nilipeleka kaye mpya, nikafungua ukurasa wa kwanza, tukaandika pamoja namba 1: mwanaume, mchimbaji, alichoma merkiri miaka mingi, mikono ilitetemeka, hakupimwa.

Andikeni namba 2.

Mwandishi ni mwanasendika wa machimbo, karitie Lumumba, Bunia.